Pepo hajaharibu historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwajibu walimu wenzangu wa hapa Tukuyu niliowaazima kitabu cha Ndugu Abdulrazak Gurnah kiitwacho Afterlives, kilichotoka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar hajapata Tuzo ya Nobel. Wanadai ameharibu historia kwa kuchanganya mambo ya pepo na kambi za Hitler. Mmoja alisema kuwa vifo vya namna ile si vya kusimuliwa kama habari za Sungura na Fisi.

Kwa wasiokisoma, kijana Ilyas anaingia jeshi la Mjerumani katika vita ya 1914 hadi 1918, na nyumbani haonekani tena. Dada yake anazaa mtoto na kumpa jina hilo hilo. Mtoto anaanza kunong'ona kwa sauti ya kike inayomuulizia Ilyas, mpaka anaitwa mganga. Miaka mingi baadaye mtoto huyo, sasa mtu mzima aliyekwenda kusoma Ujerumani, anagundua katika kumbukumbu za huko kuwa mjomba wake alifia kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Huo si uzushi mtupu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, akaingia jeshi la Mjerumani angali mtoto, kisha akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika sinema. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba, 1944, chini ya serikali ile ile iliyoua Wayahudi wapatao milioni 6.

Sasa wenzangu watazame vizuri. Pepo wa Ndugu Gurnah hatoi jibu hata moja. Yeye anauliza tu, na jibu linatoka katika karatasi. Bila swali lile, nani angekwenda kuzifunua karatasi hizo?

Hapa Rungwe jambo hili tunalo. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Mwingereza yalivuka kutoka Nyasaland yakauteka mji wetu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Katika vita hiyo pande zote mbili zilitumia wapagazi, tengatenga, na wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Sisi tuliozoea kuzika nyumbani, karibu na migomba, hatuna makaburi yao.

Marehemu bibi yangu alitusimulia habari za nyoka mwenye miguu elfu, aliyepita kijijini akameza vijana, nao wakawa wanatembea tumboni mwake wamebeba mayai ya chuma. Sisi watoto tulicheka sana kwa ajili ya hayo mayai. Lakini katika wimbo wa hadithi hiyo bibi alikuwa akitaja jina la kaka yake, kila mara, hakuliruka hata siku moja.

Nakubali kuwa zipo hadithi zinazopotosha. Hizi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa, zinazowafanya vijana wachimbe mashimo usiku, hazimuulizii marehemu yeyote. Zinaulizia rupia tu. Wenzangu wangezikemea hizo kwanza.

Kwa hiyo naziomba shule za sekondari za wilaya hii ziwatume wanafunzi kwa wazee na madaftari, waandike hadithi kama zilivyo, na jina la kila mpagazi litajwalo, kijiji chake, na kama alichukuliwa na Mjerumani au Mwingereza. Wazee waliosimuliwa na walioshuhudia wamebaki wachache, na msimu huu wa baridi tumekwisha kuwazika kadhaa.

Mwalimu Mstaafu,
Tukuyu, Rungwe.