Semina ya kupulizia tunayo, ya kuokoa iko wapi?



Leo sizungumzii viwavijeshi wala bei ya mbegu. Nazungumzia jambo ambalo sisi maafisa ugani tumelikwepa kwa muda mrefu, na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Msimu mmoja nilikuwa shambani nikitoa somo la kupulizia nyanya. Nilieleza vizuri kipimo cha dawa, upepo, glovu na barakoa. Katikati ya somo akafika kijana aliyetumwa dawa kwa bodaboda, mgongo umeloa. Chupa ilikuwa imepasuka ndani ya begi, na dawa yenyewe haijachanganywa na maji. Haukupita muda akaanza kutokwa na jasho na mate, kisha akatapika. Watu wakakimbilia maziwa. Mwingine akasema atapishwe zaidi. Tukampakia mshikaki kwenye pikipiki, shati lilelile lililoloa likiwa mwilini, hadi zahanati. Muuguzi akauliza, "Ni dawa gani?" Hakuna aliyejua, chupa tulikuwa tumeiacha shambani.

Kijana alipona, Mungu ni mwema. Lakini jioni ile dereva wa bodaboda, na mimi niliyemshika kwa mikono mitupu, tuliumwa kichwa na kichefuchefu. Karibu kila tulichofanya kilikuwa kosa, na aliyesimamia makosa hayo alikuwa mtaalamu mwenye cheti ukutani.

Sasa uliza popote nani afundishwe kukabili ajali za sumu. Utajibiwa: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sawa, hao ni wa kupigiwa 114 bila kuchelewa. Lakini hebu hesabu kilomita kutoka kijijini kwako hadi kituo chao cha karibu. Kabla gari halijawasha injini, mtu ameshashikwa, amebebwa, amenyweshwa kitu. Mwokoaji wa kwanza ni muuza duka la pembejeo, dereva wa bodaboda, mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jirani. Hao ndio hatuwafundishi. Tunamfundisha mkulima namna ya kuitumia sumu, halafu siku inapomgeuka tunamwachia maziwa na maombi.

Usidhani hili ni tatizo la maskini tu. Tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, jimbo la Texas, Marekani, ghala la mbolea lilishika moto. Wazimamoto wa kujitolea wakakimbilia moto kama walivyozoea. Ndani kulikuwa na mbolea ya amonia naitreti. Ililipuka. Walikufa watu 15, na 12 kati yao ni waliokwenda kuokoa. Wachunguzi walitaja upungufu wa mafunzo ya kukabili kemikali hatari. Magari walikuwa nayo na ujasiri walikuwa nao. Walichokosa ni kujua kwamba moto ule si wa kusogelewa.

Na sisi tuna Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakasogea kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wapo wanaosema ni tamaa, basi. Mimi nasema mahali ambapo wenye bodaboda na viongozi wa mtaa wamezoezwa kufunga njia na kurudisha watu nyuma, hata tamaa hukutana na kizuizi.

Nasikia hoja mbili za kupinga. Ya kwanza: "Mkiwafundisha wanakijiji, watajiona mafundi na kujiingiza kwenye hatari." Ndugu yangu, tayari wanajiingiza! Chukua vidonge vya kufukizia nafaka, vile vya aluminiamu fosfidi. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa karibu gramu 1 ya gesi ya fosfini kikikutana na unyevu. Mtu akianguka ndani ya ghala lililofukizwa, ndugu yake ataingia kumtoa huku amefunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii gesi. Barakoa ya vumbi haizuii gesi. Utatoa wawili. Somo la kwanza la uokoaji ni kujua wakati wa kutoingia, na somo hilo halijengi kiburi.

Ya pili: "Hatuna fedha za mavazi na mitambo." Sikatai, mavazi ni ghali. Lakini soma haya uniambie ni lipi linalohitaji zabuni:

1. Simama kwanza. Kaa upande upepo unakotoka, zuia wengine wasisogee, piga simu.

2. Usiingie ghala lililofukizwa wala shimo. Usimwagie maji vidonge vya kufukizia, maji huharakisha gesi.

3. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo zilizoloa mara moja, aoshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Macho yaoshwe kwa maji safi tu. Wewe vaa glovu, ukikosa vaa mifuko ya plastiki mikononi. Nguo zake zifungwe kwenye mfuko.

4. Aliyekunywa sumu usimtapishe, wala usimpe maziwa. Maziwa hayazimi sumu. Dawa nyingi za maji zina vimiminika vya jamii ya mafuta, na akitapika vinaweza kuingia kwenye mapafu. Akipoteza fahamu mlaze ubavu. Mkimbize hospitali.

5. Lebo iende na mgonjwa, au picha yake kwenye simu. Sumu za jamii ya oganofosfeti zina dawa yake, atropini, lakini mhudumu anahitaji kujua ni sumu gani.

Hapo pana sabuni, ndoo, mifuko na simu. Kinachokosekana ni mazoezi, na mazoezi hayafanyiki ukumbini. Tumechoka na semina za kusikiliza, kusaini posho, kupiga picha ya pamoja na kurudi na cheti. Chukua maji, weka unga wa juisi nyekundu, mmwagie mtu shati kuukuu, kisha waambie watu wamwokoe. Baada ya dakika tano kagua mikono. Mwenye wekundu mikononi "ameumia". Zoezi hilo ni la bei ya pakiti ya juisi, na hakuna atakayelisahau. Lirudieni kila kabla ya msimu wa kupulizia.

Ninachokuomba ni hiki. Kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji, simama uulize: siku sumu ikimwagika hapa, nani amefundishwa? Wakitazamana, omba zoezi liwekwe kwenye ratiba, na muuza pembejeo na vijana wa kijiwe cha bodaboda wawe wa kwanza kuitwa. Afisa ugani wako akisema si kazi yake, mwonyeshe makala haya.

Mimi nimeshaanza na kijiwe cha jirani na ofisi yangu. Siku ya kwanza mikono yote ilikuwa myekundu, na yangu pia.