Siasa na dini barazani: tunakataza nini hasa?

KATIKA baadhi ya vijiwe vya mji wetu wa Tunduma, pale wanapokaa wanywaji wa kahawa na wachezaji wa drafti karibu na foleni ya malori yaendayo Nakonde, kuna tangazo lililoandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi: siasa na dini hapa marufuku. Waliokaa wanatakiwa wazungumze habari za Simba na Yanga, bei ya mahindi na thamani ya kwacha, basi. Waumini kadhaa wametuuliza iwapo tangazo hilo lina sura yoyote katika mafundisho ya dini yetu, na iwapo mabaraza yaliyo jirani na misikiti nayo yabandike la kwao.

Hofu iliyoandika tangazo hilo tunaielewa. Mji huu haujasahau mwanzo wa Aprili 2013, pale mzozo wa nani achinje ulipogeuka vurugu mitaani, mabomu ya machozi yakarindima na shughuli za mpakani zikasimama. Miezi miwili kabla yake, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo huo huo ulikuwa umegharimu uhai wa mchungaji mmoja. Na baada ya damu iliyomwagika katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, mtu akishusha sauti anapotaja jina la chama hatuwezi kumcheka.

Hata hivyo tuulize: je, mzozo wa 2013 ulizaliwa kwenye ubao wa drafti? Ulizaliwa buchani. Yalikuwapo mazoea ya miaka mingi kwamba Waislamu ndio wachinjao kwa ajili ya walaji wote. Baadhi ya jirani zetu Wakristo wakaona katika mazoea hayo hawatendewi haki. Nasi tukayaona ni jambo lililokwisha, lisilohitaji maelezo. Wangapi miongoni mwetu walikuwa wamewahi kukaa na jirani, kikombe mkononi, wakamweleza kwa nini Muislamu hali nyamafu, na kwa nini jina la Allah hutajwa juu ya mnyama? Tulikuwa tukinunua nyama pamoja na kunyamaza pamoja. Swali halikuondoka kwa sababu halikuulizwa.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba wasikae njiani. Wakamjibu kuwa hawana budi na vikao hivyo, kwani ndipo wanapozungumza. Hakuwavunjia baraza. Aliwaambia kwamba ikiwa lazima wakae, basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tuizingatie haki hiyo ya mwisho. Mtu ataamrishaje mema na kukataza mabaya ikiwa ushuru unaoonewa mchuuzi, rushwa ya barabarani na kura ya mwananchi ni mambo yasiyotajwa? Kijiwe kinachoruhusu kumteta mke wa jirani na kukataza kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi kimeigeuza hadithi hiyo juu chini.

Wapo watakaosema kwamba kuna mazungumzo ambayo Muislamu haruhusiwi kukaa nayo. Ni kweli. Aya ya 140 ya Suratun-Nisaa inatukataza kukaa na watu wakati wanapozifanyia mzaha aya za Allah (s.w.). Lakini katazo hilo lina mpaka, nao ni hadi watu hao waingie katika mazungumzo mengine. Maana yake ni kwamba unainuka, unaondoka, na kesho unaweza kurudi kwa watu wale wale. Aya haikusema uwahame maisha, wala haikusema uwazibe midomo.

Tutazame yaliyowapata ndugu zetu wa Zanzibar, kwani wao wameyaonja zaidi yetu. Zama wanazoziita Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, watu waligomeana madukani na hata mazikoni. Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Vyama vingi viliporejea na uchaguzi wa 1995 kufanyika, mpasuko ukafunguka upya. Zikawapo maskani za CCM na mabaraza ya CUF, na mtu akajulikana chama chake kwa mahali anapokunywa kahawa. Wengi husema siasa ndiyo iliyoharibu mabaraza hayo. Sisi tunaona vingine. Wazanzibari wamezungumza siasa barazani tangu zamani. Kilichoharibu ni pale baraza lilipoacha kuwa mahali pa kubishania na kuwa mali ya upande mmoja, mgeni akiingia anatazamwa kofia kwanza. Aliye kinyume alipoondoka, mjadala ulikufa. Yaliyobaki yalikuwa kushangiliana. Na dawa nayo ilipatikana kwa watu kukaa: Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na Julai 31, 2010 zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Yaliyofuata baadaye yana mengi ya kusikitisha, lakini funzo la kukaa halikubatilika.

Hapa kwetu kuna jambo jingine linalotustaajabisha. Wakati wa uchaguzi ukikaribia, timu za mitaani hupokea jezi na mipira kutoka kwa wagombea, na mashindano hupewa jina la mheshimiwa. Katika timu hizo hizo kijana akiuliza ni kwa nini barabara ya mtaa haijachongwa, huambiwa asilete siasa kwenye mpira. Siasa imekwisha kuingia, tena imevaliwa mgongoni! Iliyozuiwa ni ile ya mtu asiye na jezi ya kugawa. Kanuni za mpira wenyewe, katika sheria ya 4, zinakataza maandishi ya kisiasa na ya kidini kwenye vifaa vya mchezaji. Hazimkatazi mchezaji kuzungumza na mwenziwe mchezo ukiisha. Kwa maoni yetu hapo ndipo mstari unapostahili kupita. Timu isiwe ya chama wala ya dhehebu, uongozi wake na fedha zake vivyo hivyo, na midomo ya wachezaji iachwe.

Upande wa dini tuna la kujilaumu wenyewe. Mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990 iliwafungua wengi macho, na waliosimama kwa elimu tunawaombea malipo mema. Lakini wapo waliosimama kwa kejeli, wakafurahia kicheko cha umati kuliko kuongoka kwa msikilizaji. Suratul-An'aam, aya ya 108, imetukataza kutukana wanavyoviabudu wengine. Na An-Nahl 125 imeeleza namna ya kujadiliana. Kanuni ya Adhabu ya nchi nayo, kifungu cha 129, inamtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Mwenye kutukana barazani basi ana mahali pa kushughulikiwa, bila jirani yake aliyeuliza kwa adabu kufungwa mdomo pamoja naye.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wanaosimamia mabaraza yaliyo karibu na misikiti yetu wasibandike tangazo lile. Awepo mzee mmoja anayesikilizwa, mwenye haki ya kusema mazungumzo yahamie jambo jingine pale sauti zinapopanda. Wanaobishana wakanywe kahawa ya birika moja. Na yule dereva wa Kizambia au wa Kongo anayesubiri karatasi zake za forodha, akiuliza kwa nini tunafunga Ramadhani, ajibiwe kabla ya kete yake kuliwa.