Swichi ya bei poa iliyotutia hasara

Wahenga walisema, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mimi nimeuelewa msemo huo nikiwa Dzaleka, mbele ya swichi niliyoiuza mwenyewe.

Ndugu msomaji, riziki yangu iko njiani: nachukua mzigo Kariakoo, napita Kasumulu na Songwe, nashusha Lilongwe. Safari moja nilibeba swichi iliyostaafishwa na kituo cha data cha Ulaya. Matundu 48, kila moja gigabiti 10, kwa bei ya swichi mpya ndogo. Vijana wa darasa la kompyuta kambini Dzaleka, kilometa zipatazo 45 kutoka Lilongwe, walichangishana wakainunua.

Je, kasi iliongezeka? Hata kidogo. Swichi huunganisha kompyuta za ndani. Anayezitoa nje kwenda kwenye intaneti ni ruta. Laini yao ilikuwa ya megabiti 10 tu. Ni sawa na kununua tanki la lita laki moja wakati bomba linadondosha. Isitoshe, matundu yale hayakupokea waya wa kawaida bila kununua moduli.

Kisha umeme. Dude lile lilikula wati 200 usiku na mchana, yaani uniti 1,752 kwa mwaka. Swichi ndogo ya wati 15 hula uniti 131. Umeme ulipokatika, betri ya kuwafikisha asubuhi iliisha kwa saa moja. Na feni zilivuma hadi mwalimu hasikiki.

Naomba nieleweke. Mitambo hiyo si mibaya. Katika kituo cha data, ambako seva nyingi zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, inalipa. Lakini darasani gigabiti usiyoitumia ni hasara. Swichi ndogo ya gigabiti inatosha. Fedha zielekezwe kwenye ruta, maana ruta dhaifu ukiiwekea ulinzi na kuigawisha kasi kwa watu, inachoka.

Kwa nini nalisema hili? Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kwa kijana asiyeweza kwenda Lilongwe kutafuta kazi, intaneti ndiyo barabara yake. Kumuuzia mtambo usiomfaa ni kumfungia barabara hiyo.

Fedha zao niliwarudishia. Nanyi mnaorejea Burundi au Kongo na ndoto ya kufungua darasa au kibanda cha intaneti, msiulize bei peke yake. Ulizeni: laini yangu ni ya kasi gani? Mtambo unakula wati ngapi? Ukiharibika, nani atautengeneza?

Nasi wafanyabiashara wa mpakani tuwajibu kweli kabla ya kupokea fedha. Mteja aliyeumizwa harudi, na mpaka ni mdogo, habari husambaa.