Vikapu kumi na viwili na nyaya za Tunduma

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini inajengwa njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mafinga, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600. Mradi unaitwa TAZA, yaani Tanzania na Zambia, na kati ya walioutolea fedha ni Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Ukikamilika, umeme utaweza kuvuka mpaka, kwenda na kurudi. Kila ninapoutaja kwa waamini baada ya Misa, swali ni lile lile: "Padri, kitongojini kwetu wenyewe hatuna, jirani apelekewe wa nini?"

Swali hilo ni la haki. Mama anayepuliza kuni mbichi huku minara ya chuma ikipita kando ya shamba lake hapaswi kunyamazishwa kwa maneno matamu ya udugu. Lakini lina nusu ya pili. Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa umewashiwa taa na Zambia, kwa kuwa gridi yetu ilikuwa haijafika huko. Sijasikia Mkristo wa Sumbawanga aliyezima taa yake kwa sababu umeme ni wa Wazambia. Halafu ukaja mwaka 2024. Zambia hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutokana na maji; mvua zikakosekana, Ziwa Kariba likashuka vibaya, na mwezi Februari Rais Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mwezi huo huo sisi tuliwasha mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mmoja aliingia gizani wakati mwingine anatoka.

Swali linageuzwa pia. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliposema kuwa mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, watu walikasirika: tuna bwawa kubwa hivi, tunanunua wa nini? Sababu iliyotolewa ni upotevu. Umeme ukisafiri mbali hupungua njiani, kama maji yanayopita kwenye mfereji wa udongo. Wakulima wa mpunga wa Usangu hawahitaji mhandisi kuwaeleza hilo. Kama jirani aliye karibu anaweza kukumiminia bila kumwaga, kwa nini ubebe ndoo kutoka mbali ifike nusu? Bei na masharti ya mkataba tuvidai viwekwe wazi, hiyo ni haki ya raia. Ila kununua kwa jirani peke yake si aibu.

Sasa tufungue Injili ya Yohane, sura ya sita. Wanaume 5,000 wamekula mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa kijana mmoja, wakashiba. Ndipo Bwana anawaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki, kisipotee hata kimoja, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Jambo hili limenisumbua tangu seminari. Yeye aliyetoka kuzidisha mikate ana haja gani na makombo? Angeweza kuzidisha tena kesho. Naona alitaka wajue kwamba wingi hauhalalishi upotevu, hata wingi uliotoka mikononi mwa Mungu mwenyewe. Na nani alikula vile vikapu? Mwinjili hasemi. Mimi huwaza kuna mtu ng'ambo ya ziwa, asiyekuwepo mlimani siku ile.

Kwetu bwawa limejaa, na kujaa kunalevya. Tunasahau kwamba maji yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, na sehemu ya yale yanayofika Bwawa la Nyerere, huletwa na Ruaha Mkuu ukitokea Usangu, mto ambao tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sehemu ya uniti za LUKU zinazochomwa na balbu za kizamani, zile za kuunguza kidole, ilianza kama maji ya mtu.

Nyumba zetu za Kanisa nazo zitazamwe: shule za bweni, seminari, hospitali. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, na lengo la taifa ni asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Agizo la namna hiyo lisingalipaswa kututangulia sisi tulio na *Laudato si'* mkononi tangu 2015.

Wala ushirikiano wa kuvuka mipaka si mgeni kwetu. Miaka ya 1980, Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, shirika la CEFA la Italia lilishirikiana na Jimbo la Njombe na wanakijiji wa Matembwe kujenga mtambo mdogo wa maji, umeme ukazalishwa pale pale unapotumika. Tena maaskofu wa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, yaani nchi zile zile zinazounganishwa na nyaya hizi, wamekaa meza moja katika AMECEA tangu karne iliyopita. Nyaya ndizo zilizochelewa.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo, tena la haraka. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopitiwa na mpaka. Wanawake huvuka asubuhi kuuza na jioni hurudi. WAWATA wa Tunduma wakae na akina mama Wakatoliki wa Nakonde Jumamosi moja, fundi wa majiko banifu akiwepo, wafundishane: kuloweka maharage na mahindi ya makande tangu usiku, kufunika sufuria, kupima uniti ngapi hutumika kwa jiko la umeme la presha, na kikundi kinawezaje kulinunua kwa kudunduliza. Nauli ya kwenda huko ni ya miguu.