Aspirini ya kioski si kinga ya saratani

Pita Laini Saba, Kibera, au mtaa wa Kawangware jioni watu wanapotoka kazini. Kwenye kioski, kando ya vibiriti, dawa za kichwa hukatwa mbili mbili kwa makasi. Mjenzi anayeumwa na mgongo hununua, na mama anayefulia watu nguo pia. Siku hizi wapo wanaouliza: je, ni kweli aspirini huzuia saratani?

Swali si la kipuuzi. Aspirini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka wa 1897, ni asidi ya salisiliki iliyoongezewa kipande kidogo kiitwacho asetili. Kipande hicho hubanduka mwilini na kujibandika kwenye kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi tena. Prostaglandini hizo hizo ndizo huchochea seli za saratani ya utumbo mpana kuongezeka. Parasetamoli haijibandiki hivyo, ijapokuwa kwa mnunuzi zote ni "dawa ya kichwa".

Mwaka wa 2011, utafiti wa watu 861 waliorithi hatari ya saratani ya utumbo ulionyesha kuwa waliomeza miligramu 600 kila siku kwa miaka miwili au zaidi walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache baadaye. Lakini mwaka wa 2018, wazee wenye afya wa Australia na Marekani, zaidi ya 19,000, walichunguzwa. Waliopewa aspirini walivuja damu zaidi, na hata vifo vya saratani vikawa vingi kwao.

Kwa hiyo sikubaliani na anayemeza kila siku kwa kujikinga. Dawa hii huchubua tumbo na kuzuia damu kuganda, na tembe nyingine huichanganya na parasetamoli na kafeini bila mnunuzi kujua, maana kipande alichokatiwa hakina maandishi.

Ninayemhofia zaidi ni yule anayetuliza tumbo kwa tembe miezi mitatu, huku chakula kikimkwama kooni au choo kikiwa na damu. Saratani ya umio huua Wakenya wengi, na maumivu yakinyamaza uvimbe haunyamazi. Hospitali ya Mbagathi na Kibera ni pua na mdomo. Kutoka Kawangware pia si mbali. Ukienda, beba karatasi ya tembe unazomeza, na useme ni tangu lini.