Watoto waliofungiwa kwa jina la imani

Mhariri,

Tangu miili ya waumini wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa ianze kufukuliwa msituni Shakahola, Kilifi, Aprili 2023, hadi ikapita 400, tumesema mengi kuhusu wahubiri na machache mno kuhusu watoto.

Mimi nililelewa katika nyumba iliyotufungia watoto kwa jina la imani. Shule ilikuwa ya shetani, na dawa ukosefu wa imani. Dada yangu alipougua malaria, tulikesha tukikemea pepo huku mama akimpangusa jasho kwa leso, na zahanati iko ng'ambo ya barabara. Alipona, namshukuru Mungu, bado namwamini. Shangazi ndiye aliyenitoa. Nilianza darasa la kwanza nikiwa nimeshaanza kuota ndevu, nikikaa dawati moja na watoto wanaong'oka meno.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Majirani wanazijua nyumba ambazo watoto hawatoki asubuhi. Machifu na wazee wa Nyumba Kumi wapige hodi huko sasa, na kijana anayetoroka asirudishwe kwa wazazi kabla hajasikilizwa peke yake.

Msomaji,
Malindi