Ukuta wa Bibi Usibanduliwe

Wako wenzetu wanaodhani kwamba nyumba ya kisasa ni lazima ifanane na ofisi: rangi ya mafuta kila upande, makochi makubwa, kabati la vioo, basi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Sililii nyasi. Kampeni ya Serikali yetu ya Rwanda ya mwaka 2010 na 2011 iliziondoa nyumba za nyasi, na mtu aliyepata kuvujiwa usiku kucha hawezi kuilaumu. Lakini paa likibadilika, je, kuta nazo zimekosa nini?

Mathalani imigongo, ufundi wa wazee wetu wa Gisaka, kule mashariki karibu na mpaka wa Tanzania. Akina mama huchukua mavi ya ndama, wakayachanganya na majivu ili yasinuke wala kuingia wadudu, kisha kwa vidole wakafinyanga matuta membamba ukutani, yenye pembe na mistari. Yakikauka husuguliwa, yakapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mauaji ya kimbari ya 1994 nusura yauzike ufundi huu. Wanawake wa Nyakarambi, wengine wajane, wakaungana katika ushirika wakaufufua. Leo huutengeneza juu ya vibao, na mahoteli huvinunua. Ajabu kweli: mgeni alipa fedha alale karibu na kitu ambacho sisi twakikwangua kwa jembe!

Kaka yangu, ambaye alisoma shule hii, amekwisha nunua saruji ya kutengeneza nyumba ya mama. Ni mtoto mwema, nasi sote twamshukuru. Lakini ataka kuubandua ukuta wa sebuleni, kazi ya mikono ya marehemu bibi. Mama naye aogopa wageni watacheka wakisikia ni mavi ya ng'ombe. Na waucheke, kisha waushike! Ni mgumu, hauna harufu.

Shauri langu ni hili. Ukuta ule ubaki, na zile kuta tatu nyingine zipakwe chokaa nyeupe tupu. Dirisha kubwa la kioo litobolewe ubavuni, si mkabala, maana mwanga ukija kwa upande matuta hutoa vivuli, na ndipo uzuri wake huonekana. Makochi yawe mawili tu, yasiufunike. Upenu uongezwe nje, kwa kuwa adui wa imigongo ni maji. Chini ya bati iwekwe dari ya matete yaliyosukwa, kama zile pazia za matete zilizogawa vyumba vya zamani. Mvua ikinyesha tutaweza kuzungumza bila kupiga kelele. Sakafu ya saruji naikubali kwa mikono miwili.

Limebaki jambo la umeme. Fundi anakuja Jumatatu ya kwanza ya likizo. Ndugu zetu mliotangulia, ambao mmekwisha jenga, kama yuko ajuaye njia ya kupitisha waya bila kuutoboa ukuta ule, tafadhali amwandikie Mhariri upesi.